Sifa za Mtandao Uliogoma

Mnazi umesifiwa kuanzia mizizi hadi makuti. Ng'ombe ana nyimbo zake, jahazi lina zake, na wako viongozi waliosifiwa mpaka wakaanza kutazama saa jukwaani. Hata mbu ametengenezewa mabango. Lakini sijasikia kwaya, taarab wala ngonjera iliyotungwa kwa ajili ya mtandao wa nyumbani uliogoma: ile hali ya kompyuta mbili zilizo chini ya bati moja, zinazotumia ruta moja na umeme wa LUKU ileile, kukataa katakata kutambuana. Dhuluma hiyo imedumu vya kutosha. Mwenye haki apewe haki yake.

Tuanze na ukuu wake. Mpakato ulio sebuleni huleta filamu kutoka ghala la data huko Ulaya bila kuhema. Filamu hiyo imepita chini ya bahari, imetua Dar es Salaam, imepanda nguzo na kushuka nguzo, na imeingia ndani ikiwa nzima. Sasa uambie mpakato huohuo ulete barua ya maombi ya kazi iliyo kwenye kompyuta ya mezani, chumba cha pili, nyuma ya pazia. Kiduara kitazunguka. Kitazunguka tena. Kisha utaarifiwa kwa adabu kubwa kwamba kompyuta hiyo haionekani. Hausemi imeharibika, wala imezimwa, haionekani tu. Wako majirani waliogombania mpaka wa shamba miaka ishirini ambao bado hawajafikia kiwango hicho cha kutoonana.

Faida yake ya kwanza ni ya kifamilia. Mtandao ukiwa mzima nyumba huwa kimya, kila mtu chumbani kwake na kioo chake. Ukigoma, milango inafunguka yenyewe. Watu ambao hawajaonana tangu asubuhi wanakutana ukumbini na swali moja: "Nani amegusa ruta?" Hakuna aliyegusa. Tangu ruta zianze kuuzwa madukani hakuna mwanafamilia aliyewahi kuigusa. Lakini swali limeulizwa, ushahidi unatolewa, mtoto wa kati anatajwa, na kwa muda mfupi familia nzima imesimama mbele ya kidude chenye taa nne, wanaikagua ile inayopepesa kwa umakini ambao haujawahi kuelekezwa kwenye ripoti ya shule.

Kisha anapigiwa simu mpwa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Hebu pita hapa jioni. Wewe si umesoma kompyuta?"

Kijana amesomea uhasibu, lakini haisaidii kukana. Anapofika anawekewa chai kabla ya wakubwa, mjomba mwenyewe anainuka kwenye kiti chake ili ampishe, na kila anachokisema kinaitikiwa kwa kichwa. Sijui taasisi nyingine inayompandisha kijana daraja kwa kasi hiyo, bila mtihani wala mahari.

Jambo la kwanza atakalofanya kijana huyo ni kupiga hodi. Iko programu ndogo iitwayo ping, na kazi yake yote ni hiyo: kompyuta moja inabisha kwa nyingine, kisha inahesabu imechukua muda gani kuitikiwa karibu. Aliyeiandika ni Mmarekani Mike Muuss, mwezi Desemba 1983, katika maabara ya jeshi kule Aberdeen, Maryland, baada ya kusumbuliwa na mtandao uliokuwa na vituko. Aliimaliza kwa usiku mmoja, akaipa jina la mlio wa mitambo ya nyambizi inayotafuta vitu chini ya maji. Na sasa ona ukarimu wa hitilafu: kabla programu haijatuma hata hodi yake ya kwanza, Muuss alikuwa ameshaona kilichoharibika na kukitengeneza. Hitilafu ilikaa muda uleule tu uliohitajika ili dunia ipate chombo, ikaondoka. Wafadhili wangapi huondoka hivyo, bila kuomba wabandikiwe nembo ukutani?

Kwetu mtu hubisha hodi mara tatu, asipojibiwa huenda zake. Windows hubisha mara nne, ambayo ni kupita adabu kidogo. Linux hubisha hadi mwenye nayo aizuie, na huko ndiko kukosa malezi. Lakini kinachofurahisha zaidi ni ile hodi ambayo kompyuta hujipigia yenyewe. Anwani 127.0.0.1 katika kila kompyuta duniani maana yake ni "mimi mwenyewe." Kijana atakwambia tuanzie hapo, tuone kama mashine inajitambua. Inajitambua kila mara. Inajibu chini ya sekunde moja ikigawanywa mara elfu, kwa furaha, wakati printa iliyo ubavuni mwake inaitwa na haisikiki. Wazee waliokaa pembeni hutikisa vichwa. Kila mmoja ana mtu anayemfikiria.

Hodi isipojibiwa, msikimbilie kumzika mwenye nyumba. Ndani ya kompyuta imo programu ya ulinzi, ngome, na Windows hupanga ngome hiyo kufuatana na mahali inapodhani ipo. Inapojiunga na mtandao mpya huuliza, au hujiamulia yenyewe, kama mtandao huo ni wa umma au wa binafsi. Swali hutokea wakati mtu ana haraka, naye hubonyeza chochote kilicho karibu na kidole. Tangu siku hiyo kompyuta ya mezani, ambayo haijawahi kutoka chumbani, inaamini iko stendi ya Mbezi katikati ya wapiga debe. Inajifunika. Haijibu hodi, haitaji jina lake, mafaili yake haimwonyeshi mtu. Wanaoiita hali hiyo kasoro hawajui thamani ya haya. Katika zama ambazo watu hurusha picha ya chakula chao kabla hawajakionja, hapa kuna kiumbe kinachoona aibu hata mbele ya mpakato wa nyumba hiyohiyo.

Wengine wamejitenga bila kujua. Kijana wa kidato cha pili, kwa uvivu wa kuandika nywila ndefu, aliunganisha simu na mpakato wake kwenye ule mtandao wa wageni ambao ruta nyingi za sasa zinao. Mtandao huo uliwekwa makusudi ili mgeni apate intaneti asiguse vitu vya nyumbani. Sasa mtoto wa kuzaliwa katika nyumba anapewa intaneti na kunyimwa printa, na ruta haina habari na vyeti vya kuzaliwa.

Tukifika kwenye anwani, sifa zenyewe zinanizidi. Anwani za mtandao za mtindo wa zamani, zile za namba nne zilizotenganishwa kwa nukta, jumla yake ni kama bilioni 4.3, na akiba kuu ya dunia ya anwani hizo ilimalizwa kugawiwa tarehe 3 Februari 2011. Nyumba zetu zisingepata kitu. Zilipona kwa sababu waraka wa mwaka 1996, uitwao RFC 1918, ulithibitisha mafungu matatu ya anwani ambayo mtu yeyote anaweza kuyatumia ndani kwake bila kumwomba mtu, mojawapo ni lile linaloanza na 192.168. Ndiyo maana ruta ya Masaki inaweza kuitwa 192.168.1.1, ya Tandale ikaitwa 192.168.1.1, na ya Toronto ikaitwa hivyohivyo, pasipo hata moja kujiona bora. Usawa huo umetafutwa kwa vitabu, hotuba na mapinduzi. Uko nyuma ya kochi, umejaa vumbi.

Ugawaji wenyewe hufanywa na ruta. Kila kifaa kikiamka huomba anwani, ruta inakikopesha moja kwa muda. Umeme ukikatika, na tusijifanye kwamba ni jambo la nadra, ruta isiyotunza kumbukumbu husahau ilimpa nani nini, na ukirudi inagawa upya kwa aliyewahi. Printa iliyolala ikiwa namba 5 inaamka ikiwa namba 9. Namba 5 sasa ni televisheni. Kompyuta haijui, inaendelea kubisha namba 5 kwa uaminifu, ikiiomba televisheni itoe nakala za muhtasari wa kikao cha kikoba. Televisheni haijibu, na ina haki.

Kuna hali moja ambayo kila Mtanzania wa rika fulani anapaswa kuiamkia. Kompyuta ikiomba anwani na ruta isijibu kabisa, labda waya umelegea au ruta yenyewe imezubaa, haikai kulia. Inajipa anwani yake yenyewe, inayoanza na 169.254, imeichagua kwa bahati nasibu baada ya kuuliza kwa heshima kama kuna mwingine anayeitumia. Mafundi wakiziona namba hizo husonya. Azimio la Arusha lilitangaza kujitegemea mwaka 1967. Mashine imetekeleza bila semina wala posho. Tena kompyuta mbili zilizojipa anwani za namna hiyo zinaweza kuzungumza zenyewe kwa zenyewe, ruta ikiwa imekufa. Tatizo huja pale moja imejitegemea na mwenzake bado anakula mkopo wa ruta: mmoja 169.254, mwingine 192.168. Hapo kila mmoja yuko hewani, kila mmoja ana taa ya kijani, na hawataelewana hadi Kiyama.

Wanaosema hitilafu ni adui wa kumbukumbu za familia hawajazama vya kutosha. Chukua nyumba yenye kompyuta kuukuu ya Windows XP iliyobeba picha za harusi tatu na msiba mmoja. Kwa miaka mingi ilifikiwa kutoka mpakato wowote. Mwezi Mei 2017 kirusi kiitwacho WannaCry kikapita duniani kwa kutumia tundu katika toleo la kwanza la itifaki ya SMB, lile ambalo kompyuta za Windows zilikuwa zikilitumia kupeana mafaili. Hospitali za umma Uingereza zilikuwa miongoni mwa zilizokwama. Oktoba mwaka huohuo Microsoft ikaanza kuliondoa toleo hilo kwenye Windows 10. Windows XP hailijui jingine. Kwa hiyo siku mpakato mpya ulipoingia nyumbani, kompyuta kuukuu ilitoweka kwenye orodha, ingawa ilikuwa palepale ikinguruma. Mwaka 2018 HomeGroup nayo, ile njia rahisi iliyoletwa na Windows 7 ili nyumba zishirikiane mafaili, ikaondolewa. Na matokeo yake? Familia ililazimika kubeba flashi, kuketi mbele ya kompyuta ya zamani, na kuzitazama picha zenyewe. Zilikuwa zimekaa humo miaka yote zikiwa zinafikika, na hakuna aliyezifungua.

Babu naye alikumbana na sheria inayonifurahisha kuliko zote. Kompyuta yake hakuiwekea nywila, kwani nani atamwibia? Ukikaa mbele yake inafunguka kwa yeyote, hata kwa mwizi. Ukija kupitia mtandao, Windows inakataa kukupokea kwa sababu akaunti isiyo na nywila hairuhusiwi kutumiwa kutoka mbali. Inakuomba nywila. Ukiiambia haipo, inakuomba tena.

Mawimbi ya waifai nitayapitia haraka, maana yana wasemaji wengi. Yatosha kusema kwamba ukuta wa matumbawe na chokaa wa Mji Mkongwe wa Zanzibar au wa Lamu, uliojengwa kwa unene wa karibu nusu mita ili kuzuia joto, huzuia pia waifai, na waliojenga hawakulipwa kwa kazi hiyo ya pili. Tangi la maji lililo katikati hufanya vivyo hivyo, kwa kuwa maji huyameza mawimbi. Na tanuri la maikrowevu, ambalo hufanya kazi jirani kabisa na masafa ya gigahezi 2.4 ya waifai, hukata mazungumzo ya kompyuta kwa muda uleule wa kupasha wali moto. Huo ni mwito wa chakula, nani ataulalamikia?

Nitakaa zaidi kwenye waya, kwa sababu hapo ndipo hitilafu huonyesha unyenyekevu wake. Waya wa mtandao una nyuzi nane zilizosokotwa mbilimbili, kila moja na rangi yake, na kichwani una kipande cha plastiki chenye ulimi mdogo unaokishika kisichomoke. Ulimi huo ndio kitu cha bei ndogo kuliko vyote katika mfumo mzima. Huvunjika siku ya kwanza mtu anapovuta meza kufagia. Baada ya hapo waya unaonekana umechomekwa, lakini umeegeshwa tu. Mpwa ataangalia ngome, ataangalia anwani, atashusha programu, ataifuta, atafikia kulaumu mtoa huduma, na wakati wote huo kisa kizima kiko sakafuni. Mafundi wazuri huanza chini: umeme, waya, taa, kisha ndipo namba. Karibu kila mwenye haraka huanza juu. Sijaona mwalimu wa falsafa aliyelifundisha somo hilo kwa gharama ya ulimi wa plastiki.

Na kuna waya wa aina ya pili, ule unaoning'inia. Mtoto mpenda usafi anauona umelala sakafuni, upande mmoja umeshachomekwa kwenye swichi, anachukua upande wa pili na kuuchomeka kwenye swichi hiyohiyo. Sasa waya unatoka kwenye swichi na kurudi humohumo. Tangazo la kwanza litakalotumwa kwa wote litazunguka, litajizalisha, litarudi, kwa sababu matangazo ya ngazi hiyo hayana umri wa kufa. Punde kila taa inawaka kwa wakati mmoja na hakuna kompyuta inayopata nafasi ya kusema neno. Swichi za maofisini huwa na kinga dhidi ya hayo, iliyobuniwa mwaka 1985 na Radia Perlman alipokuwa katika kampuni ya Digital Equipment; swichi nyingi za bei ya chini za nyumbani hazina. Perlman, niseme kwa haki, ndiye pekee ninayemjua aliyetungia mambo haya shairi: aliandika mistari michache ya kuufungulia waraka wake. Lakini aliusifu ubunifu wake. Hitilafu, iliyomfanya abuni, haikupata hata mstari.

Nafika kwenye hoja ninayoiona nzito kuliko zote. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, upande wa Durban, na intaneti ikayumba Tanzania, Kenya na kwa majirani. Siku hizo nchi nzima ilijua mtandao haupo. Printa zikazimwa. Barua zikasubiri. Lakini printa iliyo sebuleni haipiti Durban. Kompyuta na printa, au kompyuta mbili za nyumba moja, huzungumza kupitia ruta iliyo nyuma ya kochi na hazihitaji bahari hata tone. Nyumba ambayo mtandao wake wa ndani haujawahi kugoma haikujua hilo. Kwao intaneti na mtandao wa nyumbani ni kitu kimoja, kinachoitwa "waifai," kinachouzwa kwa bando. Ni zile tu zilizokwisha kuteswa, ambazo mpwa alizionyesha kwamba mpakato unaweza kufika Marekani na usifike chumbani, zilizofahamu kuwa kinyume chake pia kinawezekana. Zilichapisha zilichotaka, zikacheza filamu zilizohifadhiwa kwenye kompyuta ya mezani, na zikangoja mafundi wa meli wamalize. Elimu hiyo haikutoka kwenye matangazo ya kampuni yoyote. Ilitoka kwa hitilafu.

Pamoja na utumishi wote huo, wapo wanaotaka kuifukuza, na msomaji ni lazima ajue mbinu zao ili ajihadhari. Huingia kwenye mipangilio ya ruta, wakaiambia printa iwe na anwani ileile siku zote, umeme ukatike usikatike. Huipa kila kompyuta jina fupi lisilofanana na la mwenzake, lisilozidi herufi 15. Hugeuza mpangilio wa mtandao kutoka wa umma kuwa wa binafsi, na hilo hulifanya kwa mtandao wa nyumbani peke yake. Huweka nywila kwenye kompyuta ya babu. Hubadilisha waya wenye ulimi uliovunjika badala ya kuuegesha na kitabu. Huwatoa watoto kwenye mtandao wa wageni. Picha za kwenye XP huzihamisha mara moja, wakaiacha ile mashine ipumzike. Kisha huandika anwani zote kwenye karatasi na kuibandika ubavuni mwa ruta, mahali ambapo hata mtu aliyesomea uhasibu anaweza kuzisoma.

Kazi yote hiyo ni ya jioni moja, na haina gharama zaidi ya bei ya waya. Ukitaka kuifanya sitakuzuia. Ila mpigie mjomba umwambie mapema, kwa sababu mpwa wake hatakuwa na sababu ya kuja Jumamosi.